Kichefuchefu kikali na maumivu baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo: lipi la kawaida, lipi la dharura?

Namuuguza_Mdogo:
Habari zenu wakuu. Mdogo wangu amefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kuondoa sehemu kubwa ya tumbo na kuacha mrija mwembamba. Leo ni siku ya 9. Kichefuchefu hakimwachi kutwa nzima, akinywa anarudisha, mara nyingine yanatoka mapovu meupe tu. Maji yanayobaki tumboni kwa siku hayafiki nusu lita. Anaumwa chini ya mbavu upande wa kushoto, na tangu jana bega la kushoto nalo linauma. Parasetamoli inapunguza kidogo tu. Tumepewa diklofenaki na jirani, sijampa bado. Hali hii ni ya kawaida? Nimnyweshe vipi? Na dawa gani ya maumivu ni salama?

Zamu_ya_Usiku:
Pole kwa kuuguza. La kwanza: mpigieni simu daktari aliyempasua leo hii, msisubiri siku ya kliniki.

Nusu lita kwa siku haimtoshi mtu yeyote, na anayetapika juu yake ndiyo kabisa. Lakini kinachonitia hofu zaidi ni bega. Upasuaji wa matundu madogo hupuliza kaboni dioksaidi tumboni ili daktari apate nafasi ya kuona. Inayobaki hukera msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na neva ya msuli huo hupeleka maumivu begani. Maumivu hayo huanza mara tu baada ya upasuaji, hupungua kila siku, na kutembea huyasaidia. Yakianza upya siku ya 8 msiyaite gesi mpaka daktari athibitishe. Mrija wa namna hii ukivuja, mara nyingi huvuja juu kushoto, karibu na umio unapoingia tumboni, na uvujaji mwingi hujitokeza mgonjwa akiwa ameshatoka hospitali.

Hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima akiwa ametulia, kisha mpime joto. Mapigo zaidi ya 120, joto la 38 au zaidi, kuhema, au maumivu yanayozidi saa hadi saa: nendeni idara ya dharura bila kusubiri simu kurudi. Mapigo yanaweza kupanda kabla ya homa, na tumbo la mtu mwenye mwili mkubwa linaweza kuwa laini ukilibonyeza huku ndani kumeharibika. Kama anatumia dawa za presha zinazopunguza mwendo wa moyo, kipimo cha mapigo kitawadanganya.

Lishe_kwa_Kipimo:
Naunga mkono. Ninayoandika hapa ni ya baada ya daktari kuondoa shaka ya kuvuja.

Kosa kubwa kwenye kunywa ni kufuata kiu. Tumbo la mrija halitanuki kama la zamani na shinikizo ndani yake ni kubwa, kwa hiyo funda kubwa moja hurudi na kuondoka na yale madogo yaliyotangulia. Tumia kikombe cha kupimia dawa: ml 30 kila dakika 15, zinywewe kidogo kidogo, si kwa mkupuo. Hiyo ni ml 120 kwa saa, na kwa saa 13 za kuwa macho inapita lita moja na nusu, ambacho ndicho kiwango cha chini tunachokitafuta. Weka kengele kwenye simu. Robo saa ikipita bila kunywa, asifidie kwa kunywa mara mbili. Maji yakimchefua, abadilishe joto lake: wapo wanaokubali ya baridi sana, wapo wanaokubali ya vuguvugu tu. Vyenye gesi viachwe kabisa.

Mapovu meupe ni mate na ute uliorundikana juu ya kitu kilichokwama, au juu ya njia iliyovimba. Yakitoka, simamisha kila kitu kwa nusu saa hadi saa moja, akae wima, kisha aanze upya na kijiko kimoja cha chai, ml 5. Wengi hufanya kinyume, humpa maji mengi "yasukume", na hapo ndipo kutapika kunapoanza upya.

Wiki ya pili bado ni ya vimiminika. Kama ameshaanzishiwa chakula cha kupondwa, mrudishe nyuma hatua moja. Protini ya gramu 60 kwa siku ni lengo zuri, lakini leo ukilazimika kuchagua kati ya protini na maji, chagua maji. Vinywaji vya protini vilivyo vitamu sana huchefua, na maziwa huwasumbua baadhi ya watu baada ya upasuaji hata kama zamani hayakuwasumbua.

Mfamasia_K:
Diklofenaki msimpe. Yeye na ndugu zake, ibuprofeni na naproksini, hudhoofisha ute unaolinda ukuta wa tumbo na kuleta vidonda. Kwa waliofanyiwa baipasi (upasuaji mwingine wa kupunguza uzito, ambapo tumbo huachwa dogo na kuunganishwa na utumbo wa mbele zaidi) hatari ni kubwa zaidi, kidonda hutokea pale utumbo ulipounganishwa na tumbo. Kwa huyu kuna jambo jingine: dawa hizo mwilini pasipo maji huumiza figo.

Parasetamoli kwa mtu mzima ni gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa saa 24, ikiwemo iliyofichwa kwenye dawa za mafua. Mwenye ugonjwa wa ini aulize kipimo chake. Ya maji ni rahisi kumeza. Ya kutoa povu iachwe itulie kwanza. Kama alipewa tramadoli au kodeini, zenyewe huleta kichefuchefu na kufunga choo, kwa hiyo muulizeni daktari kama zinaweza kusimama.

Dawa ya kichefuchefu inayomezwa na kutapikwa haisaidii. Ombeni ondansetroni ya kuyeyuka kwenye ulimi. Nayo hufunga choo. Akipewa metoklopramidi kisha shingo au taya likakakamaa, asimamishe na aonwe haraka.

Kagueni pia dawa zake za zamani. Metformini huchefua. Dawa za presha za kukojosha humkausha. Insulini kwa kipimo cha zamani, wakati hali chochote, inaweza kumwangusha kwa kushuka sukari. Vidonge vya madini ya chuma kwenye tumbo tupu huchefua pia. Hizi zote zipangwe upya na daktari, msizisimamishe kwa kukisia.

Namuuguza_Mdogo:
Asanteni sana. Mapigo ni 112, joto 37.6. Amekojoa mara mbili tu tangu jana, mkojo ni wa rangi ya chai. Daktari amesema tumlete sasa. Niseme nini pale mapokezi?

Zamu_ya_Usiku:
Vizuri. 112 haijafika 120, lakini ikiwa pamoja na bega na mkojo huo, haitoshi kutuliza moyo. Njiani asinywe wala kula chochote, huenda akahitaji kurudi chumba cha upasuaji.

Sema aina ya upasuaji na tarehe, kisha kiasi alichokunywa na alichotapika kwa saa 24. Halafu sisitiza mambo mawili, hata kama utaonekana msumbufu. Mpira wa kupitisha puani usiwekwe kwa kubahatisha, unaweza kutoboa mshono. Na dripu yenye glukosi isitangulie vitamini B1. Mwili hauna akiba kubwa ya vitamini hiyo, na wiki mbili tatu za kutokula vizuri na kutapika zinatosha kuimaliza. Glukosi huitumia kidogo iliyobaki, na ubongo ndio unaoumia: macho huchezacheza, mtu huona viwili viwili, huyumba, huchanganyikiwa. B1 ya mshipa ikitangulia, hatari hiyo inazuilika.

Wakimpiga picha ya CT ikaonekana safi huku mapigo yanabaki juu na maumivu hayapungui, uliza daktari wake wa upasuaji ana mpango gani. Picha safi peke yake haifungi mjadala.

Msomaji_wa_Kando:
Na aliyefanyiwa baipasi, mwezi wa tano, anayeanza kutapika na kuumwa tumbo upya?

Lishe_kwa_Kipimo:
Angalia mpangilio. Kama alianza kushindwa vigumu, kisha laini, sasa hata maji, basi pale tumbo lilipounganishwa na utumbo pamebana. Hutanuliwa kwa puto linalopitishwa na kamera mdomoni. Maumivu ya juu kulia baada ya kula yanaelekea kwenye mawe ya nyongo, yanayoletwa na kupungua uzito kwa kasi. Kutoka jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha dakika 10 hadi 30 baada ya kitu kitamu, hiyo ni sukari kufika kwenye utumbo haraka mno. Mwanamke apime na mimba pia, kwa sababu uzazi hurudi mapema na vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki baada ya baipasi.

Zamu_ya_Usiku:
Ongezea utumbo kunasa kwenye upenyo ulioachwa ndani na upasuaji. Maumivu huja kwa mikamato, makali, wakati mwingine hupenya hadi mgongoni, kisha hupotea na kurudi. Huyo asikubali kurudishwa nyumbani na dawa ya vidonda vya tumbo pekee. Aonwe siku hiyohiyo na daktari anayezijua baipasi, kwa sababu utumbo uliojinyonga hufa ndani ya saa chache.