Mjadala: feri za Likoni, Mombasa, ziende kwa hidrojeni, betri au mafuta ya viazi karai?

Mwana wa Kilindini: Dizeli iondoke, hilo wengi twakubali. Mimi niko na hidrojeni. Kilo moja ina kWh 33. Ya dizeli haifiki 12. Mvuke wa ardhini wa mitambo ya Olkaria unaoachwa upotee usiku ungezalisha umeme wa kutengeneza gesi hiyo.

Fundi Stimu: Bwana Kilindini, feri si ndege, uzani si hoja. Tuchukulie kuvuka mara moja kwahitaji kWh 40 kwenye rafadha. Kwa betri, toa asilimia 10 ya kuchaji na 10 ya mota: kWh 50 kutoka gridi. Kwa hidrojeni, seli inayoigeuza kuwa umeme hurudisha nusu tu, na mota hula 10 ileile, kwa hivyo wataka kilo 2.7. Kila kilo hula kWh 55 kuitenga na maji, na 3 kuikandamiza hadi shinikizo la baa 350. Jumla kama 155. Mara tatu!

Mwana wa Kilindini: Nishati haipotei, ati. Joto la seli likusanywe lizungushe jenereta.

Fundi Stimu: Haipotei, hutawanyika, entropia ndiyo hiyo. Maji ya kupoza seli hutoka na nyuzi 70, bahari ina 28 hivi. Kwa kelvini, kikomo cha mashine ya joto ni 1 − 301/343, yaani asilimia 12, na hakuna itakayopita hapo. Mashine halisi ikipata nusu yake imebahatika. Joto hilo ni la kukaushia dagaa. Na maji ya visima vya kisiwani yana chumvi: ikifika kwenye mtambo wa kutenga hidrojeni, umeharibika.

Mkemia wa Kongowea: Mwasahau mafuta yaliyokwisha kukaangia. Chuja, pasha hadi nyuzi 110 maji yatoke, yapoe hadi 55. Kila lita, mililita 200 za methanoli na gramu 3.5 za kostiki soda, ukiongeza kulingana na asidi uliyopima. Koroga saa moja, chombo kifunikwe maana methanoli huchemka kwa 65 na mvuke wake ni sumu. Yalale usiku, gliserini ishuke, juu ibaki dizeli yako. Maji yakibaki umepika sabuni. Injini ni ileile, badilisha mipira ya zamani tu.

Fundi Stimu: Injini ya asilimia 38 itakunywa lita 11 na nusu kila kuvuka. Mara 100 kwa siku, madebe 57. Kwa feri moja!

Mwana wa Kilindini: Na wewe, dakika sita za kushusha na kupakia zarudishaje kWh 50? Hiyo ni kW 500. Feri nne zikichaji pamoja, Likoni giza.

Fundi Stimu: Hapo umenena. Ampere, feri ya betri ya Norway ya 2015, ilikuta gridi dhaifu, wakaweka betri nchi kavu zijazwe polepole. Wapoteza asilimia 10 nyingine, 50 inakuwa 56. Bado ni nafuu. Hydra, feri yao iliyoanza kutumia hidrojeni 2023, ililetewa gesi hiyo kwa lori kutoka Ujerumani. Kwetu hatari ni joto: betri ikikaa juu ya nyuzi 40 huzeeka upesi, lazima ipozwe kwa maji baridi ya mzunguko wake, si ya bahari moja kwa moja.

Mwana wa Kilindini: Stimu zikikatika kutwa?

Fundi Stimu: Feri moja ya injini ibaki ya akiba.

Mkemia wa Kongowea: Basi hiyo ndiyo ya viazi karai.