Serengeti msimu wa wageni: tumelipia kambi, tumekuta kampuni za utalii zimewahi uwanja kwa mahema matupu

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa bei za lodge, hili ni jambo lingine kabisa. Povu ruksa, hata mimi nimekuja na la kwangu.

Naongelea kambi za umma pale Seronera, katikati ya Serengeti, hizi ambazo madereva wanaziita pabliki. Kambi yenyewe siitaji, kampuni nazo sizitaji, sitaki kuanza kuitwa kwenye ofisi za watu. Wahusika wakisoma watajijua.

Kwa ambaye hajawahi kulala huko: kambi ya umma haina viwanja vyenye namba. Unalipia kwa kichwa kwa usiku, unapewa kibali, ukifika unajitafutia pa kusimamisha hema. Uzio hakuna. Kuna vyoo, bafu, banda la kupikia lenye wavu na banda la kulia, basi. Ipo pia kambi maalum, hiyo mnapewa kundi moja peke yenu, ila huko hakuna choo wala bomba, kila kitu mnabeba mpaka maji. Sasa sisi wa kuchangishana kwenye grupu la WhatsApp, mahema ya kuazima na jiko la mtungi mdogo, tunaenda pabliki. Aprili mvua zikiwa zimepamba moto unaweza kulala pale na fisi tu. Shida inaanza Julai mpaka Oktoba, dunia nzima ikishajua nyumbu wanavuka Mto Mara.

Sisi tulilenga Nane Nane. Michango ilianza kukusanywa mapema mno, mpaka kuna watu wakaanza kutukejeli kwamba tunapanga harusi. Namba ya malipo ikatoka, tukalipa, risiti zipo. Kila tulipouliza kama nafasi itakuwepo tulijibiwa ipo, lipeni tu. Sawa, tumelipa.

Tumefika jua linazama, vumbi la kutoka geti la Naabi limetujaa mpaka kwenye kope. Uwanja wote wa maana, ule ulio karibu na banda la kupikia, umeshajaa mahema ya rangi moja, makumi kwa makumi, zipu zimefungwa kwa vikufuli vidogo. Kimya. Hakuna mtu anayeingia wala kutoka. Nikamulika tochi kwenye wavu wa dirisha la mojawapo: ndani hamna godoro, hamna begi, hata kandambili hamna. Vigingi vingine hata havijagongelewa, vimeegeshewa mawe tu. Nikamfuata kijana mmoja wa jikoni aliyekuwa anamenya viazi, nikamuuliza wageni wa haya mahema wako wapi. "Shikamoo mzee. Bado wapo Ngorongoro, leo wameshuka kreta. Watafika kesho."

Kesho! Yaani mtu analala Karatu au ukingoni mwa kreta, na nafasi yake Seronera imeshakaliwa na kitambaa tangu jana saa saba mchana. Ni ule ule mchezo wa kurusha mkoba dirishani kwenye daladala la Mbagala, tofauti ni kwamba hapa wanaorusha ni makampuni yenye leseni na tovuti nzuri zenye picha za simba.

Tukasukumwa nyuma ya vyoo, kwenye majani marefu, sehemu ambayo askari mwenyewe alituambia nyati wanapita usiku, tusogee karibu na wenzetu. Tusogee wapi? Karibu na mahema yasiyo na watu? Jikoni nako kila meza ina mpishi wa kampuni na ndoo zake, mtungi juu ya mtungi, ukiomba kona ya kuchemshia maji ya mtoto unaangaliwa kama umevamia sebule ya mtu. Tumekula usiku wa manane. Bomba la bafu lilikuwa limeshakata maji kabla watoto hawajanawa. Na alfajiri sufuria letu la wali tulilikuta mbali kule, limetobolewa meno. Fisi simlaumu, yuko kwake.

Kilichoniuma hasa ni maneno. Dereva mmoja, mtu mzima tu, baada ya kumwambia atoe angalau hema moja ili kinamama na watoto wakae katikati, akanijibu: "Nyie wa elfu kumi mnataka nini? Wageni wangu wanalipa dola."

Haya, tuongee hiyo elfu kumi. Ni kweli, kiingilio cha Mtanzania mtu mzima Serengeti ni shilingi 10,000 kabla ya VAT, na mgeni wa nje analipa dola 70 kabla ya VAT. Hiyo tofauti imewekwa makusudi ili mwenye nchi naye aweze kuiona. Hakuna mahali kwenye kibali changu palipoandikwa kwamba kwa bei hiyo nalala nyuma ya choo. Halafu mnasahau kwamba sisi wa kupitia Arusha hatulipi Serengeti peke yake. Ukiingia geti la Loduare unalipa Ngorongoro pia, hata kama unapita tu na hata kreta hushuki, na kurudi hivyo hivyo. Wa Mwanza mna bahati, mnapenya geti la Ndabaka mnakwepa hiyo. Ongeza mafuta, ongeza gari lenyewe, ongeza saa 24 zinazohesabiwa tangu dakika uliyoingia getini, ukichelewa kutoka siku nyingine inaanza. Hiyo siyo elfu kumi jamani. Kuna mtu kwenye kundi letu alivunja kibubu.

Na mchana wenyewe usipime. Agosti nyumbu wengi wapo kaskazini, Kogatende na Lamai huko, kutoka Seronera ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi, kwa hiyo anayekuuzia "nyumbu Seronera" mwezi huo anakula hela yako. Seronera mnaenda kwa ajili ya simba na chui. Chui mmoja juu ya mgunga, magari yamembana pande zote, injini zinanguruma, wa nyuma anapiga miluzi wa mbele asogee. Huko mtoni nako mnakumbuka ile video ya Julai 2025, watalii wameshuka kwenye magari wamesimama kwenye njia ya nyumbu mpaka wanyama wakashindwa kupita. Mpaka video izunguke dunia nzima ndipo watu wanashtuka. Sasa kambini hakuna anayerekodi, maana nani atasambaza picha ya hema tupu?

Msiniambie haiwezekani kupanga. Kilimanjaro, njia ya Marangu, vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo vina idadi ya vitanda, vikijaa vimejaa, huuziwi kitanda cha hewani. Nchi hii hii, hifadhi za taifa hizi hizi. Kwa nini kiwanja cha hema kishindikane? Chora viwanja, viwe na namba, namba ya kiwanja iandikwe kwenye kibali. Kundi ambalo bado halijapita getini lisiwe na hema lililosimama, na hema lililo tupu giza likiingia ling'olewe, liwekwe kando, mwenyewe atalikuta kesho akija na wageni wake. Na meza mbili za jikoni ziachwe kwa wanaojipikia. Kazi ya askari mmoja na daftari.

Kuna watu wa kampuni humu najua, na wengine ni waungwana kweli, usiku ule kuna mpishi mmoja wa kundi la pembeni alitupa maji ya moto kwenye chupa bila hata kuombwa. Sisemi wote. Ila ninyi wengine mnajua mnachofanya, mnatuma gari la mizigo asubuhi na mapema na vijana wawili kwa kazi hiyo moja ya kushika uwanja, na mkiulizwa mnasema ndiyo utaratibu. Utaratibu uliandikwa wapi? Leteni hapa tuusome.

Kwa mwenye taarifa za hakika kuhusu kambi ya Lobo, huko huko Serengeti, msimu huu, kama hali ni hiyo hiyo au kuna nafuu, aseme, kuna watu wa Septemba wananisumbua simu na sina la kuwaambia.

Na wewe uliyeshafungua kisanduku cha kujibu uandike "si mngelala lodge", malizia kabisa: taja lodge ya Seronera yenye chumba Agosti ambacho mwalimu wa sekondari na mkewe na watoto watatu wanaweza kulipia. Andika na bei.