Warefu wawili uwanjani kwa pamoja: silaha au mzigo?

MTOA HOJA
Wakuu, fainali za NBA (ligi ya kikapu ya Marekani) 2015 Golden State wakiwa nyuma 2-1, kocha wao Steve Kerr alimweka benchi senta wake, yaani mrefu wa kukaa karibu na goli, Andrew Bogut, akamwanzisha Andre Iguodala, mfupi kuliko yeye. Hawakupoteza tena mpaka kombe. Tangu hapo ligi nzima ikaamini mrefu mmoja anatosha, tena awe mkimbiaji. Sasa Oklahoma City wamebeba ubingwa wa 2025 wakiwa na Chet Holmgren na Isaiah Hartenstein, wote futi saba. Msimamo wangu: anayetaka kombe aanze na warefu wawili. Nipingeni.

MCHANGIAJI WA 1
Mkuu, mbona umeruka kipande? Fainali hiyohiyo dhidi ya Indiana, Hartenstein alianzia benchi mechi tatu za kwanza, nafasi yake akapewa Cason Wallace, kijana mfupi mwenye mbio. Alirudishwa ya nne. Na Cleveland msimu huohuo je? Warefu wawili, Jarrett Allen na Evan Mobley, ushindi 64, Mobley mlinzi bora wa mwaka, kisha Indiana wakawatoa 4-1 raundi ya pili.

MTOA HOJA
Cleveland walikuwa na majeruhi, hilo umelikalia kimya. Mobley mwenyewe alikosa mechi ya pili.

MCHANGIAJI WA 2
Mfano mzuri kuliko yote ni Minnesota. Walipomchukua Rudy Gobert 2022 acheze pamoja na mrefu mwenzake Karl-Anthony Towns, watu walicheka. Msimu wa 2023-24 wakawa na ulinzi bora wa ligi. Wakakutana na Denver, mabingwa watetezi: Towns anamkaba Jokić, mrefu na nyota wao, Gobert anasubiri nyuma yake karibu na goli. Denver nje, mechi saba. Raundi iliyofuata Luka Dončić wa Dallas akawa anamvuta Gobert mpaka nje ya mstari wa pointi tatu na kutupia mpira golini mbele ya uso wake. Minnesota wakafungwa 4-1, safari ikaishia hapo. Kwangu mimi urefu si tatizo kabisa. Tatizo ni kama mmoja wao anaweza kukaba mbali na goli, na upande wa pili atupie pointi tatu ili njia ya kuingilia isizibe. Towns anatupia. Allen hatupii.

MCHANGIAJI WA 3
Memphis ya 2011 je? Warefu wao Zach Randolph na Marc Gasol hawakuwa watupiaji wa mbali, wakiwa nafasi ya nane wakawang'oa San Antonio vinara wa kanda ya Magharibi. Na sisi Watanzania tunajua nani alikosa nafasi kwa sababu ya wawili hao: mrefu wetu Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili kati ya wachezaji wapya wa ligi 2009, akauzwa Houston kabla hata ya mtoano huo.

MCHANGIAJI WA 2
2011, kaka! Wakati ule timu hazikutupia pointi tatu kama leo. Peleka Randolph akamkabe Stephen Curry, mtupiaji hatari wa Golden State, nje ya mstari uone.

MTOA HOJA
Na Curry naye aje agombee ribaundi (mpira uliokosa goli) na Randolph. Kwa nini mrefu ndiye abadilike kila siku, mfupi aachwe alivyo?