Akaunti za marehemu mtandaoni: wosia unatosha?

Mrithi_Mtarajiwa
Wakuu, naomba msaada wa wanaoijua sheria ya mirathi. Tuseme wosia upo na msimamizi anajulikana, ila nusu ya mambo ya mtu yako kwenye simu: barua pepe, picha, ukurasa wa Facebook, bitcoin kidogo. Msimamizi akishika hati ya mahakama, kampuni inalazimika kumfungulia? Na kuandika nywila ndani ya wosia ni busara au ni kujichongea?

Hati_Miliki
Nywila usiweke humo kabisa. Wosia ukifika mahakamani husomwa na wengi, na katika nchi nyingi huwa waraka wa wazi. Halafu nywila hubadilika mara kwa mara wakati wosia umelala kabatini. Siku ya kuusoma mnakuta nywila ya miaka sita nyuma.

Kuhusu kulazimika, usihesabu akaunti kama kitu kimoja. Salio na bitcoin ni mali, zinarithiwa kama shamba. Nyimbo na vitabu "vilivyonunuliwa" mtandaoni mara nyingi ni kibali tu cha kutumia, na kibali hicho huishia kwa mwenyewe. Kesi ziko kwenye mawasiliano, maana ujumbe una watu wawili na mmoja bado yu hai.

Ujerumani walilimaliza hilo Julai 2018. Binti wa miaka 15 aligongwa na treni Berlin mwaka 2012. Mama yake alikuwa na nywila, lakini Facebook ilikuwa imeshaigeuza akaunti kuwa ya kumbukumbu, nywila ikawa haifungui kitu. Mahakama ya juu ya shirikisho ikasema mkataba wa akaunti unarithiwa, kama zinavyorithiwa barua na shajara za karatasi. Marekani wamefuata njia nyingine: sheria ya mfano ya 2015, ambayo majimbo mengi yameipitisha, inatazama kwanza alichochagua marehemu ndani ya akaunti yenyewe, kisha wosia, na mwisho vigezo na masharti ya kampuni. Yaani kitufe ulichobonyeza kwenye mipangilio kinaweza kuushinda wosia ulioshuhudiwa na mashahidi wawili! Na bila idhini yake marehemu, msimamizi anaweza kuambulia orodha ya nani aliandikiana na nani na lini, maandishi yenyewe asiyaone.

fundi_mipangilio
Naongezea upande wa vitufe. Google ina mpangilio wa akaunti isiyotumika: unachagua muda wa ukimya, kuanzia miezi 3 hadi 18, na watu wasiozidi 10 wa kupewa data. Unaweka na namba ya simu ya kila mmoja, na ndipo wengi wanapokwama: mtu akibadilisha namba, uthibitisho unaenda kwa mgeni. Apple unaweza kuteua hadi watu 5. Kila mmoja hupata ufunguo wenye msimbo wa QR. Uchapishe kwenye karatasi, kwa sababu bila ufunguo huo pamoja na cheti cha kifo njia hiyo haifunguki. Wakikubaliwa wana miaka 3, kisha akaunti inafutwa moja kwa moja. Nywila zilizohifadhiwa humo hawazipati. Facebook aliyeteuliwa anasimamia ukurasa tu, meseji hasomi.

Mrithi_Mtarajiwa
Shukrani. Na kama mke au mtoto tayari anaijua nywila, si aingie tu yamalizike?

Hati_Miliki
Kuijua nywila si ruhusa. Masharti mengi yanakataza kuitumia akaunti ya mwingine, na sheria za makosa ya mtandao huuliza kama uliruhusiwa, haziulizi kama uliweza. Mrithi mwenzako akitaka kukuangusha mahakamani, umempa pa kushika.

ufunguo_24
Mkuu Hati_Miliki, kidogo nikukosoe: bitcoin kurithiwa ni kwenye karatasi. Ikiwa ilikaa kwa kampuni ya kubadilishia sarafu, sawa, msimamizi anapeleka cheti cha kifo na hati ya mahakama. Ikiwa kwenye pochi binafsi (programu au kifaa ambacho mwenye sarafu huzishika mwenyewe), kinachofungua ni maneno ya siri, 12 au 24 kwa kawaida, kwa mpangilio wake. Yakipotea, hakuna jaji wa kuyarudisha. Na akiyaona ndugu mjanja, anahamisha usiku huohuo na muamala haurudi. Wosia useme pochi ipo na nani apewe. Maneno yakae kwenye bahasha iliyofungwa, mahali pengine.

Jingine: msiharakishe kufunga laini ya marehemu. Familia huanza na laini kwa sababu ndiyo rahisi, kisha wanagundua benki na barua pepe zote zilikuwa zinatuma namba za uthibitisho huko. Laini ikikaa bila kutumika, mtandao unaweza kuigawa kwa mtu mwingine. Msimamizi aombe kwa maandishi ibaki hai mpaka akaunti ya mwisho ifungwe. Na simu ikizima ikawashwa upya, alama ya kidole haikubaliki, itadai namba ya siri kwanza.