Taa nyekundu

Mama: Wanangu, intaneti imekata tangu asubuhi, hapa naandika kwa bando la simu. Ruta inawaka taa nyekundu.

Kaka Mkubwa: Shikamoo mama. Zima, subiri nusu dakika, washa.

Mama: Marahaba. Nimezima mara tatu mwanangu. Na Wi-Fi kwenye simu imejaa!

Kitinda: Hiyo ni simu na ruta kuonana tu mama. Ruta yenyewe haipati kitu kutoka nje.

Kaka Mkubwa: Hapo kwenye taa pameandikwaje?

Mama: Ngoja miwani

Mama: L O S. Inapepesa.

Mjomba: LOS si "loss" hiyo, yaani hasara? Lipeni bili 😂

Kaka Mkubwa: Hapana mjomba 😂 Bili ikiisha, mara nyingi PON, taa ya kuungana na kampuni, inabaki kijani, inayogoma ni taa ya intaneti. LOS nyekundu ni mwanga haufiki kwenye ruta. Ule waya mwembamba ndani yake ni uzi wa kioo, data inapita humo kama mwanga.

Baba: Nyuma kuna kitundu cha RESET. Nimeshika pini.

Kaka Mkubwa: BABA USIBONYEZE

Kitinda: Baba weka pini chini 🙏🙏

Kaka Mkubwa: Shikamoo baba. Ukibonyeza hapo inafuta yote, nywila ya Wi-Fi na hata mipangilio aliyoweka fundi. Taa itabaki nyekundu vilevile.

Baba: Marahaba. Sijabonyeza.

Kitinda: Mama, leo mmehamisha kitu?

Mama: Tulisogeza kabati tukafagia, basi.

Mama: Eeh! Mguu wa kabati umekanyaga waya, umekunjika kama kiwiko.

Kaka Mkubwa: Ndiye mchawi huyo. Kioo hakitaki kona kali, mwanga unavujia pale. Uachieni ujiviringe mpana, kama mdomo wa bakuli. Halafu sukumeni plagi ya kijani hadi ilie "ta". Ikichomoka msichungulie ncha yake! Leza yake haionekani lakini inaweza kudhuru jicho.

Baba: Mbona maonyo yote ni yangu

Mama: Nyekundu imezimika!! PON inapepesa… imetulia 🙌

Mama: Imerudi nyekundu.

Kitinda: Nini tena?

Mama: Baba yenu amerudisha kabati.

Kaka Mkubwa: 🤦🏾‍♂️ Livuteni tena. Nyekundu isipozimika, huenda uzi umevunjika, pigeni simu kwa mafundi. Waambieni moja kwa moja "LOS nyekundu", wasiwazungushe na zima-washa.

Mama: Imezimika. Kabati liko katikati ya sebule.

Baba: Na litakaa hapo hapo.