Tupeane uzoefu: samaki aliyekufunza kazi kwa chambo bandia, ukiwa nchi kavu

Wa Mambrui
Salaam wana wa pwani. Habari za sulisuli na maboti tumezisikia sana hapa Malindi. Leo tusimulie sisi tunaovua kwa miguu, fimbo mkononi, maji magotini. Nianze mimi.

Karambisi wangu wa kwanza, yule kolekole mkubwa, nilimkosa Ngomeni, kaskazi ikielekea kuisha. Maji bamvu, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, yanajaa kwa nguvu na kuufunika mwamba. Nilifunga popa, kile chambo cha juu chenye mdomo uliochongwa, ukikivuta kinatema maji. Nikakivuta mara tatu, nikakiacha kitulie. Maji nyuma yake yakavimba, kama kuna mtu chini anainua mgongo. Rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, ikalia. Kabla sijaishika fimbo sawasawa, uzi ukalegea.

Nilipoukusanya nikautazama mwisho wake: umejisokota kama unywele wa kipilipili. Basi si mwamba ulionikata, ni fundo langu lililoteleza. Nililikaza kavu kwa pupa. Fundo likikazwa kavu, uzi unajisugua, unapata moto na kupungua nguvu. Tangu siku hiyo nalitia mate kwanza, nalivuta polepole mpaka likae, kisha nalijaribu kwa kulivuta kwa mikono miwili. Samaki yule bado namuota.

Jirani wa Sabaki
Pole kaka, hiyo inauma. Mimi somo langu ni la mlangoni mwa mto. Mvua zikinyesha bara, Sabaki inashuka nyekundu kama chai ya maziwa. Asubuhi mbili nilirusha kijiko, kile chambo cha bati kinachometameta, katikati ya wekundu ule nikarudi mtupu. Mzee mmoja mwenye kimia akaniambia, "Mwanangu, samaki atakionaje humo? Fuata mstari." Yaani pale maji ya mto yanapokutana na maji ya kijani ya bahari. Kolekole hukaa upande wa kijani, akingoja vidagaa wanaotolewa na mto maji yakipwa. Nilirusha nikavusha kijiko mstarini, nikapata wawili kabla jua halijapanda.

Ila wageni, alfajiri angalieni viboko. Mimi siingii majini pale mpaka kupambazuke.

Binti Shela
Huku kwetu Amu mkondo unapita karibu na ukuta, na tengesi wapo. Meno yao ni wembe: jioni moja walinichukulia vyambo viwili, sikuhisi hata mvuto, uzi mwepesi tu. Sasa naweka waya wa shibiri moja. Lakini mchana maji yakiwa maangavu, kolekole akiuona waya anageuka, nimemwona kwa macho yangu. Kwa hiyo waya kwangu ni wa saa za magharibi, giza likiingia.

Jingine, toeni zile ndoana za meno matatu. Nilikuwa namfungua tengesi, akajipiga mara moja, jino moja la ndoana mdomoni mwake na jingine kwenye kidole gumba changu. Yeye anaruka, nami naruka naye. Kakangu alimfunika samaki macho kwa leso iliyolowa, akatulia, ndipo akakata ndoana kwa koleo. Sasa natumia ndoana moja moja, na mdogo nikimrudisha haondoki na mdomo uliochanika.

Baba Mayungu
Kusi nikiona mwani umejaa ufukweni, nabaki nyumbani kurekebisha vifaa, maana kila mrusho unavuta majani. Na vijana, ndani ya Hifadhi ya Baharini ya Malindi msirushe. Imelindwa tangu 1968, na sisi tunaovua nje yake tunafaidi samaki wanaokulia mle.

Wa Mambrui
Shukrani Baba. Dada wa Shela, huo waya unaufunga vipi na uzi wa kusuka? Mimi nikiunga, fundo linagonga pete ya mwisho ya fimbo na chambo hakifiki mbali. Mwezi mpevu ukirudi nipo Ngomeni tena, na popa ileile.