Msaada wa haraka: udongo wa shamba una maji kuliko wa msituni, ripoti ni Jumatatu

Mnyonge wa Ipuli
Wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo. Niko chuo hapa Tabora, mwaka wa pili, jiografia. Tuna ripoti ya vitendo ya somo la tabianchi na uoto, kundi la watu watano. Tulitenga viwanja vitatu vya mita 20 kwa 20: miombo iliyofunga (huo ndio msitu wenyewe), miombo iliyokatwa mkaa, na shamba. Tulipima miti (mkubwa kuliko yote ni mtundu wa sm 94), tukakusanya majani yaliyoanguka, tukachimba udongo wa kina cha sm 0–10, 10–20 na 20–30 kupima unyevu.

Miti haina shida. Shida ni unyevu: shamba limeushinda msitu, wakati darasani tumefundishwa msitu ndio unaotunza maji. Gramu hizi hapa:

Msitu 0–10: kopo 22.41, na udongo mbichi 118.63, na udongo mkavu 114.90
Msitu 10–20: kopo 22.08, mbichi 120.17, mkavu 116.44
Shamba 0–10: kopo 21.87, mbichi 121.05, mkavu 115.32

Nirekebishe safu ya msitu iendane na nadharia, au niache hivyo nitafute maelezo? Naombeni majibu, matusi wekeni pembeni.

Dagaa wa Kibirizi
Sisi huku Kigoma dagaa tunawaanika juani tu, siku moja wamekauka. Anikeni na udongo wenu, mgeuze mchana.

Dada Mizani
@Dagaa, jua linakausha mpaka unyevu wa hewa ya siku hiyo, basi. Maji yaliyoshika kwenye mfinyanzi hayatoki. Ndiyo maana oveni inawekwa nyuzi 105, saa 24, na ukipima tena baada ya saa mbili uzito usiwe umeshuka.

Mleta mada, kwanza hesabu. Maji yaliyopotea unagawanya kwa udongo mkavu bila kopo, mara 100. Msitu 0–10: maji 3.73, udongo mkavu 92.49, jibu asilimia 4.0. Shamba: 5.73 kwa 93.45, asilimia 6.1. Wengi husahau kutoa kopo, wewe usisahau.

Sasa maswali. Uzito wa "mbichi" ulipimwa saa ngapi baada ya kuchimba? Udongo ulisafiri ndani ya nini? Viwanja vyote vilichimbwa siku moja?

Mzee wa Mvua
Mnazungumzia unyevu bila mvua? Kipimamvua chenu kiko wapi? Mdomo wa sm 12.7 unataka ml 12.7 kwa kila mm 1. Ukichukua silinda ya kipimamvua cha mdomo wa sm 20.3, ambayo mm 1 yake ni ml 32.4, mvua ya mm 10 utaiandika 4. Kisomwe saa 3 asubuhi kila siku, na kikae mbali na mti au ukuta angalau mara mbili ya kimo cha mti au ukuta huo. Nimeona vyuo vinaweka kipimamvua chini ya mwembe.

Mama Nidhamu
Mimi naliona neno "nirekebishe". Mwanangu, hapo ndipo wizi unapoanzia. Leo gramu, kesho fedha za halmashauri.

Mnyonge wa Ipuli
Mama nimekusikia, shikamoo. @Dada Mizani tulipima kama kawaida, kwa utaratibu wa maabara. Mimi nilichotaka kujua ni kama ninaweza kuandika kwamba miti inakunywa maji mengi. Sura ya majadiliano nimeshaianza hivyo, kurasa mbili.

Dada Mizani
"Kama kawaida" si jibu. Saa ngapi, ndani ya nini, siku gani.

Mtundu Mkavu
Kabla hamjaendelea, huo mtundu wa sm 94 ni mzingo au kipenyo? Ukizungushia futi kamba ya fundi cherehani unapata mzingo. Gawanya kwa 3.14, mti wenu unakuwa na kipenyo cha sm 29.9, wa kawaida kabisa. Ukiuandika kama kipenyo, eneo la shina linavimba karibu mara kumi na kiwanja chenu kinageuka msitu wa Kongo. Tena mlipima kimo cha mita 1.3, upande wa juu wa mteremko? Uliogawanyika chini ya hapo mliuhesabu mashina mawili?

Mnyonge wa Ipuli
Ngoja niulize.

Kuhusu udongo: msitu na kiwanja cha mkaa walichimba Alhamisi, shamba Jumatatu iliyofuata kwa sababu ya usafiri. Vyote vilipimwa Jumatatu jioni. Vya Alhamisi vilikaa kwenye bahasha za kaki, lakini zilipigwa stepla na zilikuwa kabatini, kivulini. Kwa hiyo maji yangetokea wapi?

Dada Mizani
Yangetokea kwenye karatasi. Kaki inapumua, tena inanyonya: udongo ukiuhamishia kwenye kopo, maji mengine yanabaki kwenye bahasha, mengine yalishaondoka siku nne zile. Stepla inazuia udongo usimwagike, haizuii mvuke. Bahasha za karatasi ni za majani na za kubanikia mimea, huko tunataka unyevu utoke ili ukungu usiingie. Udongo wa unyevu unawekwa kwenye kopo lenye kifuniko lililozungushiwa utepe wa gundi, au mifuko miwili ya plastiki iliyobanwa hewa, na unapimwa siku hiyo hiyo. Lebo iandikwe kwa penseli, ikae kati ya mfuko na mfuko. Wino unayeyuka, na lebo ikiingia kwenye udongo unaipima nayo.

Mzee wa Mvua
Na kati ya Alhamisi na Jumatatu ilinyesha?

Mnyonge wa Ipuli
Jumamosi ilinyesha kidogo, ya mwisho mwisho.

Mzee wa Mvua
Sasa mnaniona wa maana! Shamba limepimwa na mvua, msitu bila mvua. Kipimamvua kingekwambia ni mm 2 au 20.

Mkaguzi
Jamani, mimi nasikia harufu ya chai hapa, tena ya rangi. Bandiko la kwanza "tukachimba", la tatu "walichimba". Akiulizwa mti, "ngoja niulize". Uulize nani, wakati ulikuwepo? Tazameni na namba: msitu 0–10, 118.63 toa 114.90 ni 3.73. Msitu 10–20, 120.17 toa 116.44 ni 3.73. Mizani ya sehemu mia ya gramu, kina tofauti, maji yanalingana mpaka tarakimu ya mwisho? Huyu si mwanafunzi. Ni mtu wa steshenari anayeandikia watoto wa watu ripoti kwa malipo, sasa mteja amemletea data mbovu.

Dagaa wa Kibirizi
😂😂 Bei gani kwa ukurasa, mkuu? Nina mdogo wangu Kasulu.

Mama Nidhamu
Nilisema mimi.

Mtundu Mkavu
Kulingana mara moja kunawezekana, msimnyonge. Ila hilo la "walichimba" ajibu.

Mnyonge wa Ipuli
Mimi ni mwanafunzi, si mtu wa steshenari. Siku ya kwenda uwandani nilikuwa na malaria, wenzangu wakaniandikia jina. Makubaliano yakawa wao wachimbe, mimi niandike. Safu ya 10–20 uzito mkavu haukuwepo kwenye daftari, kopo lilimwagika wakati wa kulitoa kwenye oveni, nikatumia tofauti ya safu ya juu. Niliona ni makadirio tu.

Mkaguzi
Basi uongo ni nusu kikombe. Naacha iliyobaki.

Dada Mizani
Makadirio yanaandikwa makadirio. Hilo kopo weka mstari, chini andika "sampuli ilimwagika". Msahihishaji haondoi alama kwa kopo lililomwagika. Anaondoa kwa 3.73 mbili, na ataziona kama Mkaguzi alivyoziona.

Kilichokufa ni uzito mbichi wa bahasha. Uzito mkavu uko hai, maana oveni ingetoa maji yote hata kama ungekaa mwezi. Kwa hiyo kama kuna udongo uliochimbwa kwa pete ya chuma, msongamano wake bado unapatikana: pete ya kipenyo sm 5 na kimo sm 5 inabeba sm za ujazo 98, gawanya gramu kavu kwa hizo. Kiasi cha mboji nacho kinapatikana kwa kuunguza udongo huo mkavu nyuzi 550 kwa saa nne na kuona uzito uliopungua. Majani yaliyoanguka hayakudhurika.

Swali moja limebaki: hilo shamba liko juu kwenye udongo wa kichanga au chini karibu na mbuga, yaani bonde la udongo mweusi?

Mnyonge wa Ipuli
Wanasema linapakana na majaruba ya mpunga.

Mtundu Mkavu
Loh. Basi hata mngechimba saa moja, mnalinganisha mchanga na mfinyanzi mweusi. Ule unashika maji kwa umbile lake, si kwa sababu ya mti kuwepo au kutokuwepo. Jaza udongo theluthi ya chupa, maji mpaka karibu ya shingo, kijiko cha sabuni ya unga, tikisa dakika kumi, tua. Mchanga unalala ndani ya dakika moja, tope laini saa mbili, mfinyanzi kesho yake au zaidi. Pima tabaka kwa rula. Zile kurasa mbili za miti kunywa maji usizichane, zinaweza kuwa kweli, ila kwa data hii huwezi kuzisema.

Mnyonge wa Ipuli
Kwa hiyo kiwanja cha shamba kihamishwe juu? Kundi litakasirika, ramani nimeshaichora kwa wino.

Dada Mizani
Ramani inachorwa upya kwa saa moja. Nendeni Jumamosi asubuhi, viwanja vyote vitatu, shamba lililo kwenye mteremko ule ule wa msitu. Pimeni jioni hiyo, ingizeni kwenye oveni usiku, Jumapili usiku mnatoa. Mwombeni mtunza maabara mapema, kabla hajaondoka Ijumaa. Msipime kopo la moto: hewa inapanda pembeni mwake, mizani inasoma pungufu, na unyevu unaonekana mwingi kuliko ulivyo. Lipoe kwenye desikata, kile chombo cha kioo kinachofungwa ili unyevu usiingie. Vile vipunje vya buluu vya ndani yake vinavyonyonya unyevu, vikiwa vimegeuka waridi vimeshiba maji, vikausheni kwanza. Kama desikata haipo, fungeni vifuniko makopo yakiwa bado ndani ya oveni, yapoe nusu saa yakiwa yamefungwa.

Na safari hii uende mwenyewe.

Mnyonge wa Ipuli
Nitaenda. Nibebe makopo mangapi?

Dada Mizani
Viwanja vitatu, vina vitatu, kila kimoja mara tatu: 27. Beba 30, kuna mwenzenu anayemwaga.